Kuwa Myahudi Mbale, kuwa Myahudi Jerusalem: kisa cha Abayudaya

Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mwanamume mmoja wa Uganda aliyetaka kuhamia huko kwa Sheria ya Kurejea, ile sheria ya mwaka 1950 inayompa kila Myahudi haki ya kwenda kuishi Israel na kupata uraia. Mwombaji alikuwa mtu wa Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyo kwenye vilima vinavyozunguka mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Alikuwa na cheti cha kuingia Uyahudi kilichotolewa na baraza la marabi. Miaka miwili nyuma, Wakala wa Kiyahudi, chombo kinachoshughulikia uhamiaji wa Wayahudi kwenda Israel, kilikuwa kimeitambua jumuiya yake. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2021 uamuzi wa wizara ukaachwa usimame.

Swali ambalo msomaji hujiuliza ni moja: jumuiya imetambuliwa, cheti kipo, sasa kimekwama nini? Wengi hujibu haraka kwamba ni rangi ya ngozi, na Abayudaya wenyewe wapo wasemao hivyo. Wengine hujibu kwamba hawa ni Waafrika waliojipa jina lisilo lao. Hilo la pili ni uzushi. La kwanza huenda lina ukweli wake, lakini peke yake halielezi kwa nini mlango mmoja ulifunguka na wa pili ukabaki umefungwa. Majibu yamo katika mambo yaliyotendeka tangu mwaka 1919, na hasa katika kujua lipi lilitangulia lipi.

Kwanza tufyeke kichaka. Abayudaya hawahusiani kabisa na ule unaoitwa Mpango wa Uganda. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, wazo la kuwapatia Wayahudi wa Ulaya ardhi Afrika Mashariki. Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo uko Kenya. Jina la Uganda liling'ang'ania kwa sababu hadi mwaka 1902 eneo hilo lilihesabiwa ndani ya himaya ya Uganda. Wakaguzi watatu walitumwa, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni huko Basel ukaikataa. Hakuna mtu aliyebaki Mbale kutokana na mpango huo. Anayeanza historia ya Abayudaya kwa Herzl ameanza kwenye mlima usio wao.

Kichaka cha pili ni makabila kumi yaliyopotea, yale ya Israeli ya kale. Beta Israel wa Ethiopia walitambuliwa kuwa Wayahudi mwaka 1973, rabi mkuu Ovadia Yosef alipotoa rai kwamba ni wa kabila la Dani. Walemba wa kusini mwa Afrika husimulia asili ya ng'ambo, na vipimo vya vinasaba vimefanywa juu ya madai hayo. Abayudaya hawadai nasaba yoyote ya aina hiyo. Ukiwauliza watakwambia: babu zetu walichagua. Kwa upande mmoja huo ni unyoofu unaowatoa katika mabishano ya damu. Kwa upande wa pili unawaachia njia moja tu katika sheria ya dini, nayo ni njia ya mwongofu, ambayo hudai ushahidi wa hatua kwa hatua: nani aliuliza, nani alishuhudia, siku gani, maji gani.

Aliyechagua kwanza ni Semei Kakungulu, mzaliwa wa Kooki aliyebatizwa Mprotestanti na kuinukia Buganda kama mpiganaji. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20 aliongoza majeshi ya Waganda mashariki, akaitia Bukedi na nchi za jirani chini ya mamlaka ya Waingereza. Alitegemea kupewa ufalme wa nchi alizoziteka. Badala yake alipunguziwa cheo hatua kwa hatua: akaondolewa Budaka, akahamia Mbale, mji ambao yeye ndiye aliyeuanzisha, kisha akapelekwa Busoga kuwa mkuu wa baraza. Baada ya hapo alirudi Mbale akiwa mtu mwenye kinyongo na wafuasi wengi.

Kinyongo peke yake hakimfanyi mtu kuwa Myahudi. Kilichofanya kazi kubwa zaidi ni kitabu. Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896, toleo dogo nene lililopewa jina la utani la biskuti kwa sababu lilienea ndani ya kopo la biskuti. Kwa mara ya kwanza Mganda aliweza kuisoma Torati mwenyewe, bila mmisionari kumwambia aruke wapi. Karibu mwaka 1914 Kakungulu alijiunga na Wamalaki, kanisa la Malaki Musajjakawa na Joswa Kate lililojitenga na Waanglikana, lililokataa dawa na chanjo na kushika Jumamosi kuwa Sabato. Dawa na chanjo ziliwagombanisha na serikali. Kakungulu hakukomea hapo: aliposoma agano la Ibrahimu aliona tohara imeamriwa na haijafutwa popote katika Torati. Kwa masimulizi ya jumuiya, wenzake Wamalaki walimwambia kutahiri ni jambo la Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakamfuata. Akajitenga huko Gangama, nje ya Mbale, na kundi likaitwa Jamii ya Wayahudi Wanaomtumaini Mungu.

Ili kuuona uzito wa tendo hilo, lazima mtu ajue mila mbili alizokanyaga kwa wakati mmoja. Waganda kwa desturi hawatahiri, na Kabaka hapaswi kumwaga damu yake kwa kisu. Wagisu, wenyeji wa vilima hivyo vya Mbale, wanatahiri, tena kwa fahari, lakini vijana waliokwisha kupevuka, hadharani, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, katika sherehe za imbalu zinazofunguliwa Mutoto mwezi Agosti. Kijana husimama wima bila kupepesa jicho, na kwa kusimama huko huhesabiwa mwanamume. Torati inaamuru siku ya nane baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto wa Kiyahudi katika nchi ya Wagisu hutahiriwa akiwa hajitambui, na atakapofikia umri wa imbalu hana kitu cha kuuonyesha umma. Kwa jirani zake anaweza kuonekana amekwepa. Wanaotafuta sababu za Abayudaya kuoana wao kwa wao waanzie hapa kabla ya kwenda kwenye mahubiri.

Katika miaka hiyo ya mwanzo dini yao ilikuwa mchanganyiko. Mwaka 1920 alifika Myahudi wa kigeni ambaye jumuiya inamkumbuka kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda na sikukuu, uchinjaji wa halali ya Kiyahudi na baraka za Kiebrania, na akawaeleza kwamba ubatizo na Agano Jipya si sehemu ya Uyahudi. Wakaviacha. Mwaka 1922 Kakungulu akapiga chapa kitabu cha Kiganda chenye kurasa 90 hivi, cha sala na maagizo ya kuishi Kiyahudi.

Kati ya yote aliyofundisha Yosef, kalenda ndiyo yenye faida kubwa na hatari kubwa. Miezi 12 ya mwandamo hufanya siku 354 hivi, upungufu wa siku 11 kwa mwaka wa jua. Waislamu huuacha mwaka uzunguke. Wayahudi huongeza mwezi mzima katika miaka 7 kati ya kila miaka 19, ili Pasaka isitoke majira yake. Jumuiya isiyo na kalenda iliyochapwa ikikosea nyongeza moja tu itafunga na kusherehekea mwezi mmoja mbali na Wayahudi wengine wote duniani. Hapo hata nia njema haisaidii, inatakiwa karatasi.

Kakungulu alifariki Novemba 1928 na kaburi lake liko Gangama. Baada yake wengi walirudi kanisani, na waliobaki walishikwa pamoja na Samson Mugombe. Kwa zaidi ya miaka 30 walikuwa peke yao: bila rabi, bila kitabu cha Torati cha ngozi, bila barua ya kudumu kutoka nje. Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, alipowatembelea mwaka 1962 na kuanza kuandika habari zao, alikuta watu wanaoshika Sabato, wanaotahiri siku ya nane na wasiokula nyama iliyochinjwa na wengine. Yalibaki yale ambayo nyumba moja inaweza kuyafanya bila jengo na bila mwalimu: kutokwenda shambani Jumamosi, kisu chako mwenyewe, mtoto wako mwenyewe. Yale yanayohitaji mtaalamu, kama kusoma Kiebrania kwa ufasaha, yalidhoofika. Hili tutalihitaji mbele, maana ndilo baraza la marabi lilikuja kulipima.

Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, akavunja uhusiano na Israel mwaka 1972, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yalichukuliwa au kubomoka. Gershom Sizomu, ambaye baadaye alikuja kuwa rabi wao, amesimulia hadharani jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiwa kwa hongo ya mbuzi. Kosa la kibanda lilikuwa kuonekana kwake tu. Sheria inataka kibanda kiwe nje, chini ya mbingu, paa lake la majani lipitishe nyota. Sabato unaweza kuificha chumbani, lakini kibanda hakifichiki. Wengi walijiunga na Uislamu au Ukristo. Jumuiya iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 mwishoni mwa miaka ya 1960 ilibaki na mamia machache Amin alipoanguka Aprili 1979.

Waliofufua ni vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi la vijana, Sizomu na J. J. Keki wakiwemo, walianza kuishi pamoja kilimani Nabugoye, wakalirudisha eneo la sinagogi na kuanza tena kujifunza. Mwaka 1992 mwanafunzi wa Kimarekani aliyekuwa akisoma Kenya aliwafikia, habari zikasambaa Marekani, na shirika la Kulanu, linalosaidia jumuiya za Kiyahudi zilizo mbali, likatuma wageni miaka michache baadaye. Nyimbo zao, zaburi kwa Kiganda zenye sauti nyingi za Kiafrika, zikatolewa kwenye santuri na Smithsonian Folkways mwaka 2003. Keki alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera mwaka 2004, wa wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Hayo yameandikwa sana na tutayapita. Kiini cha kesi ni Februari 2002.

Mwezi huo baraza la marabi wa tawi la Masorti, ambalo Marekani huitwa la Wahafidhina, likiongozwa na Rabi Howard Gorin, lilifika Nabugoye na kuwaingiza rasmi katika Uyahudi mamia ya Abayudaya. Watu huandika "waliongoka" na kusonga mbele, kana kwamba ni kuinua mkono. Tuieleze kazi yenyewe, kwa sababu kila hatua huacha au haiachi karatasi.

Baraza, beit din, lazima liwe na watu watatu. Hukaa mchana, si usiku, wala si siku ya Sabato. Kila mtu huhojiwa peke yake au na familia yake: anashika nini, anakula nini, kwa nini anataka. Fanya hesabu. Watu 400 kwa dakika 10 kila mmoja ni saa 66 na zaidi za mahojiano peke yake, nje ya maji na nje ya kuandika, na mchana wa Mbale ni saa 12. Ndiyo sababu mabaraza ya namna hii huja na marabi zaidi ya watatu ili wapokezane, na ndiyo sababu pia makosa ya tahajia za majina ni ya kawaida: karani anaandika kwa haraka jina la Kiebrania, jina la Kiganda na jina la baba, kwa herufi za lugha mbili.

Wanaume hufuata na tohara. Kwa Abayudaya karibu wote walikuwa wametahiriwa tayari, tena siku ya nane, lakini kwa sheria tohara iliyofanywa kabla ya mtu kuhesabiwa Myahudi haimtoshelezi mwongofu. Hutolewa tone moja la damu kwa sindano ndogo mahali pa tohara, mbele ya mashahidi. Kitabibu ni jambo dogo. Kwa mzee aliyetahiriwa na wazazi waliofuata agano la Kakungulu, na aliyewatahiri wanawe akijificha wakati wa Amin, tone hilo lina uchungu wa namna nyingine: linamwambia kwamba yale yote ya nyuma yalikuwa mazoezi.

Kisha maji. Mikve, yaani mahali pa kuzama kwa utakaso, lazima iwe na maji ya asili, ya mvua au ya chemchemi, yasiyobebwa kwa chombo, ujazo wa sea 40, kipimo cha kale, ambao wengi huukadiria lita 750 hivi. Tofauti moja huwapata watu wengi mashambani. Maji ya chemchemi yanafaa hata yakitiririka. Maji ya mvua yanafaa yakiwa yametuama tu. Mto wa mlimani msimu wa mvua unabeba yote mawili, na iwapo mvua imezidi chemchemi, wapo marabi watakaoukataa. Kwa hiyo kuchagua Februari, kabla ya masika, kunasaidia kama mtu anatumia mto. Anayezama huwa hana kitu kati ya ngozi na maji: hana pete, hana rangi ya kucha, hana nywele za kusukia, hana tope. Huzama mwili wote, nywele zote. Kwa wanawake, wanawake wenzao ndio wanaosimama kando, na wanabaraza husikia baraka kutoka nyuma ya kizuizi.

Baada ya maji hutolewa cheti chenye sahihi tatu. Mume na mke walioongoka hufungishwa ndoa upya chini ya chuppah, ile hema ya harusi, kwa sababu ndoa ya nyuma haikuwa ya Kiyahudi kisheria. Watoto wadogo huzamishwa kwa mamlaka ya baraza, kwa masharti kwamba wakifika umri wa kuwajibika, 12 kwa msichana na 13 kwa mvulana, wanaweza kukataa. Wakinyamaza na kuendelea na desturi, wamekubali. Na mtoto aliyezaliwa kabla mama yake hajaingia kwenye maji hapati Uyahudi kwa mama yake. Anahitaji cheti chake mwenyewe. Makosa mengi hutokea hapo: wazazi hudhani cheti cha familia kinamfunika aliyekuwa shule ya bweni siku ile.

Si wote walioingia majini. Katika kijiji cha Putti lilibaki kundi lililosema kwamba kama ni kuongoka, basi iwe mbele ya marabi wa Kiorthodoksi, tawi la Kiyahudi linaloshika sheria kwa ukali zaidi, wasije wakarudia tena baadaye. Wengine, hasa wazee, waliona kuitwa mwongofu ni kutukanwa. Hoja hizo mbili zinaelekea pande tofauti lakini zinatoka katika jeraha moja, na tunadhani Putti, pamoja na ugumu wao, waliusoma mchezo mapema kuliko wengi: walijua cheti hakina uzito sawa kila mahali. Walisubiri miaka 14, hadi mwaka 2016, ndipo Rabi Shlomo Riskin alipofika kuwaongoa. Sizomu alienda Los Angeles kusomea urabi, akatawazwa mwaka 2008, akarudi, na mwaka huohuo likafanyika baraza jingine kubwa Nabugoye lililopokea pia watu kutoka nchi nyingine za Afrika.

Ramani ya milango ni hii. Wa kwanza ni sheria ya dini: je, umeingia ipasavyo? Jawabu hutofautiana. Masorti wanawakubali Abayudaya wa mwaka 2002 bila shaka. Waorthodoksi wengi hawalitambui baraza la Masorti. Wa pili ni Wakala wa Kiyahudi, unaosema jumuiya fulani inatambuliwa au haitambuliwi. Wa tatu ni Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo ndiyo pekee inayotoa uraia. Wa nne ni ofisi ya marabi wakuu wa Israel, inayoshika ndoa, na ambayo ina orodha yake ya mabaraza inayoyaamini. Mtu anaweza kupita mlango wa tatu, akawa raia, kisha akakwama kwenye wa nne siku ya kutaka kuoa. Waandishi wengi huiona milango minne kama mlango mmoja, na kila mmoja unapofunguka huandika kwamba kesi imekwisha.

Sheria ya Kurejea ilirekebishwa mwaka 1970. Ikamfafanua Myahudi kuwa mtu aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, na asiye wa dini nyingine. Haikusema ameongoka kwa nani. Mahakama ilijaza pengo hilo kidogo kidogo. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 2005 ilisema kwamba kuongoka nje ya Israel kunahesabiwa kukifanywa ndani ya jumuiya ya Kiyahudi inayotambuliwa, na ikaieleza: jumuiya iliyoimarika na inayofanya kazi, yenye utambulisho wa Kiyahudi unaojulikana, na yenye mfumo wa kudumu wa kuendesha mambo yake. Lengo lilikuwa kuzuia vyeti vya kununua, mtu kusafiri wikendi moja na kurudi Myahudi. Sharti lenyewe si baya. Kwa jumuiya ya Chicago au Paris halina maana kubwa, kwa sababu jumuiya ilikuwepo na kujulikana kabla mwongofu hajagonga mlango.

Sasa lipeleke Mbale. Hapa mwongofu si mtu anayejiunga na jumuiya. Jumuiya nzima ndiyo inayoongoka. Siku baraza lilipokaa Februari 2002, watu wa kuwapokea walikuwa haohao wanaopokelewa. Kwa macho ya jumuiya, walikuwepo kwa miaka 83. Kwa macho ya karani anayetafuta jumuiya iliyotambuliwa kabla ya tarehe ya cheti, hakukuwa na mwenyeji. Wakala ulipowatambua mwaka 2016, vyeti vya 2002 na 2008 vilikuwa tayari vimepigwa mihuri. Sharti lililotungwa kwa ajili ya mtu mmoja mjanja limeangukia kundi zima lisilo na ujanja, na linaibua swali ambalo maandishi yake hayakulitazamia: jumuiya ya kwanza katika nchi huanzaje? Kwa maoni yetu hapo ndipo udhaifu wa hoja ya wizara ulipo, zaidi ya mahali pengine popote.

Tena tatizo halikuwa la Mbale peke yake. Desemba 2017, mwanamume wa jumuiya ndogo ya Kiyahudi ya Kasuku, Kenya, jumuiya iliyojengwa kwa kushirikiana na Abayudaya, alizuiwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kurudishwa, ingawa alikuwa na viza ya kwenda kusoma Jerusalem. Hakuwa akiomba uraia.

Wanaosema ni utaratibu tu, si rangi, wanapaswa kuitazama San Nicandro. Ni mji mdogo kusini mwa Italia ambako Donato Manduzio, mkulima aliyelemazwa na vita, alianza kuisoma Biblia karibu mwaka 1930, akafikia uamuzi uleule wa Kakungulu: Torati haijafutwa. Akakusanya majirani, wakashika Sabato, huku mwanzoni wakidhani Wayahudi hawapo tena duniani. Waliandikia marabi wa Roma, wakapuuzwa, wakasisitiza. Walitahiriwa mwaka 1946, na kufikia mwaka 1949 wengi wao walikuwa wamehamia Israel. Jumuiya nzima iliyoongoka bila wenyeji, bila nasaba, kama Mbale. Lakini waliondoka kabla ya Sheria ya Kurejea kuandikwa na kabla ya yale masharti ya jumuiya inayotambuliwa, wakati Israel ikihitaji kila mkono. Kwa hiyo mfano huu unakata pande mbili: unaonyesha kwamba jambo linawezekana, na unaonyesha kwamba liliwezekana kabla karani hajakaa dirishani. Mtu mwaminifu hawezi kupima kwa mfano huo mmoja ni kiasi gani cha tofauti kinatokana na mwaka na kiasi gani kinatokana na bara.

Tusisahau kwamba Abayudaya wengi hawajaomba kwenda popote. Jumuiya, inayokadiriwa kuwa na watu 2,000 hivi, ina mashamba, shule ya msingi na ya sekondari, masinagogi Nabugoye, Namanyonyi, Nasenyi, Namutumba na Putti. Mwaka 2016, uleule wa kutambuliwa na Wakala, lilifunguliwa Sinagogi la Stern kilimani Nabugoye, na Sizomu akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wapiga kura wake wengi walikuwa Wakristo na Waislamu, na hawakumtaka alete cheti.

Kwa yeyote anayesaidia jumuiya kama hii kutunza kumbukumbu, kazi ya maana ni ya kuchosha. Nakili kila cheti pande zote mbili. Linganisha jina lililo juu yake na la kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Likitofautiana, tafuta kiapo cha jina sasa, wahusika wakiwa hai na marabi waliotia sahihi wakiwa hai. Andika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto kando ya tarehe mama yake alipoingia majini, ili aliyezaliwa kabla aonekane mara moja. Tunza daftari la tohara za siku ya nane, la ndoa na la makaburi, maana hayo ndiyo yanayothibitisha kwamba jumuiya ina mfumo wa kudumu, neno lililotumiwa na mahakama yenyewe.

Anza na mama. Msichana aliyezamishwa mwaka 2002 akiwa na miaka 5 alifika 12 mwaka 2009, akanyamaza, na kwa kunyamaza akakubali. Watoto anaowazaa yeye hawahitaji baraza wala sindano wala maji. Kwa Masorti wamezaliwa Wayahudi. Hakuna atakayewapa cheti, kwa sababu hawakuongoka. Na kwa marekebisho ya 1970, haki ya kurejea humfuata mtoto wa Myahudi na mjukuu wake pia. Siku mmoja wao atakapopanga foleni dirishani, kitakachotakiwa ni karatasi ya mama au ya bibi, iliyoandikwa kwa haraka mchana mmoja wa Februari, na kuhifadhiwa katika nyumba ya kijijini yenye mchwa.